Hisa za urani: Cameco, Kazatomprom au Sprott?

MwanaTudor: Asalaam aleikum. Zamu yangu ya chama imefika na nataka pesa nizitie kwenye urani, mafuta ya vinu vya nyuklia. Nimebakisha tatu: hisa za Cameco ya Kanada, za Kazatomprom ya Kazakhstan, au Sprott, mfuko wa Toronto usiochimba, unanunua urani na kuiweka tu. Kwenye mkutano wa tabianchi wa Dubai 2023, nchi zaidi ya 20 ziliahidi kuongeza umeme wa nyuklia mara tatu ifikapo 2050. Nichukue ipi?

BintiKongowea: Kaka, hujasema ni kiasi gani, wala zitalala miaka mingapi. Tukujibu nini?

NahodhaLikoni: Cameco. Migodi yao ya McArthur River na Cigar Lake ina mawe yenye urani nyingi ajabu, na tangu 2023 wana 49% ya Westinghouse, wasanifu wa vinu. Ni mtu mwenye kituo cha petroli na gereji papo hapo.

KijanaMajengo: Mimi Kazatomprom. Kazakhstan hutoa karibu 40% ya urani yote duniani, tena kwa gharama ndogo. Hawachimbi mashimo: wanapitisha asidi ardhini, urani inayeyuka, pampu inaivuta juu.

BintiKongowea: Na asidi hiyo hiyo ikawakwamisha. 2024 walipunguza mpango wa uzalishaji wa 2025, na uhaba wa asidi ya salfuriki ulikuwa sababu mojawapo.

AmiMakupa: Wanangu, 2007 nilikuwa baharia. Ratili moja ya urani ilipita dola 130. Mwenzangu wa kabini akanionyesha kampuni ndogo, jina naliacha, haijatoa hata pipa moja, ina leseni na ramani tu. Nikatia akiba ya mikataba miwili ya meli. Bei ikaanguka mwaka ule ule, nikasema nangoja. Machi 2011 bahari ikaingia kituo cha nyuklia cha Fukushima, Japani ikazima vinu vyake kimoja baada ya kingine. Kampuni nayo ikawa yatoa hisa mpya kila mara ipate kulipa mishahara, fungu langu likazidi kuwa chembe. Mwishoni mwa 2016 ratili ilishuka chini ya dola 20. Nilipouza, sikupata hata ya mabati ya nyumba ya mama. Januari 2024 bei ikapita 100 tena, mimi sina kitu. Ikiwa ni lazima, chukua Sprott. Urani iliyo ghalani haidai mshahara.

KijanaMajengo: Pole, ami. Lakini ile ilikuwa kampuni changa.

AmiMakupa: Cameco si changa, na 2018 walifunga McArthur River kwa sababu ya bei mbaya, hadi 2022.

UmmuSalim: Nyinyi mwahesabu dola, na kule Uyombo, Kilifi, watu waliandamana 2024 kukataa kinu cha nyuklia. Ndugu zangu ni wavuvi kule. Utakulaje faida ya kitu usichokitaka mlangoni kwako?

NahodhaLikoni: Dada, hisa za Kanada hazijengi kinu Kilifi. Na stima twaihitaji.

UmmuSalim: Twaihitaji, ndiyo. Taka zake zitazikwa wapi? Hilo ndilo waliloulizia Uyombo.

KijanaMajengo: Ufaransa wanaishi nazo kwa zaidi ya miaka hamsini.

UmmuSalim: Wavuvi wa Uyombo si Ufaransa.

MwanaTudor: Samahani, nilikuwa kazini. Ni laki nne. Ni karo ya kijana wangu, anaingia chuo baada ya miaka miwili.

BintiKongowea: Karo! Kaka, hilo ndilo la kuanza nalo.

AmiMakupa: Usinunue chochote leo. Njoo barazani kesho baada ya alasiri, tuongee.