Presi ya kwanza ya kujaza risasi upya: hatua moja, turreti au mfululizo?

Kisiki_MN

Wakuu, naomba ulinganisho. Nataka kuanza kujaza upya maganda yaliyokwisha kufyatuliwa: 9mm za bastola za shabaha kama 200 kwa mwezi, na .308 za kuwindia kulungu, 40 hadi 60 kwa mwaka. Bunduki ni ya bolti. Klabuni kuna wazee wawili waliokubali kukaa nami mezani. Mmoja anasema nianze na presi ya hatua moja, mwingine anasema huko ni kupoteza pesa, nirukie ya mfululizo. Ninazoziangalia:

– RCBS Rock Chucker Supreme (hatua moja)
– Lee Classic Turret (turreti, yaani kichwa kinachozunguka, vituo vinne)
– Dillon RL 550C (mfululizo)

Ipi inafundisha vizuri mtu akiwa na mwalimu pembeni, na ipi haitakuja kuwa pambo baadaye?

---

Mzani_OH

Tenganisha risasi kwanza, presi baadaye. Hizo .308 chache hazina mjadala: hatua moja. Ukivuta mkono linatendeka jambo moja tu. Maganda yote 50 yanapita hatua hiyo, ndipo unabadilisha kalibu (chuma chenye tundu kinachofanya kazi ya hatua hiyo). Ukikosea, umekosea jambo moja na mzee wako analiona. Kwenye mfululizo, mvuto mmoja unafanya kazi nne kwenye maganda manne kwa wakati mmoja, na mwanafunzi hajui aangalie wapi.

Halafu .308 ina shingo na bega, na matatizo yote yako hapo.

Mafuta: ganda lenye bega lazima lipakwe mafuta kabla ya kuingia kwenye kalibu, membamba, mwilini tu. Yakijaa begani hayana pa kwenda, yanabonyeza ganda na kuacha kishimo. Ukisahau kabisa, ganda linang'ang'ania ndani, kishikio cha ganda kinang'oa ukingo wa kitako, na hapo kazi ni kutoboa kitako, kukata hesi na kulivuta kwa skrubu. Kifaa cha kulitolea kinauzwa. Kiwe nacho mzee mmoja pale klabuni.

Urefu: kipimo cha juu cha ganda la .308 ni inchi 2.015, na ukilikata unalirudisha 2.005. Pima baada ya kulipitisha kwenye kalibu, maana kalibu yenyewe inasukuma shaba mbele. Ganda refu kupita kiasi mdomo wake unabanwa mwishoni mwa chemba (nafasi ya mtutu inakokaa risasi), hauwezi kuachia kichwa cha risasi, na shinikizo linapanda bila wewe kuongeza hata chembe ya baruti.

Bega: hapa ndipo vitabu vya maelekezo vinapowaponza wageni. Wanakwambia zungusha kalibu hadi iguse kishikio, kisha ongeza robo mzunguko. Kwa bunduki nyingi hiyo inarudisha bega nyuma kuliko inavyohitajika. Ganda linalegea chembani, linavutika kila unapofyatua, na linavutikia sehemu ile ile, juu kidogo ya kitako. Kwa bunduki ya bolti rudisha bega inchi 0.002 hadi 0.003 tu ukilinganisha na ganda lililotoka chembani mwako. Kifaa cha kupimia bega kinashikamana na kalipa.

Ganda lililokwisha kuvutika unalijua kwa klipu ya karatasi: inyooshe, kunja ncha yake, iburute ndani ya ukuta kutoka kitakoni kwenda juu. Ikikwama kwenye mfereji, liponde kwa koleo ulitupe. Usiliweke pembeni "nitaliangalia baadaye", litarudi kwenye rundo.

---

BiShabaha_TX

Mzani yuko sawa kwa .308. Kwa 9mm mia mbili kwa mwezi, hatua moja inachosha, na mtu aliyechoka ndiye anayeruka hatua. Mimi nasema turreti.

Sababu ambayo wengi hawaisemi: Lee Classic Turret ukiichomoa ile fimbo ya kuzungusha inakuwa presi ya hatua moja. Vikao vya mwanzo mzee akufundishe hivyo. Ukishakuwa na mkono, irudishe fimbo na kichwa cha presi kitajizungusha. Ganda linabaki moja mezani muda wote, linapita vituo vinne, linatoka risasi kamili. Kichwa chenye kalibu zako hukifungui vipimo, unakichomoa kizima na kuweka cha .308. Kwa hiyo huhitaji presi mbili, moja kwa kila aina ya risasi.

Vituo vya 9mm: (1) kutoa praima (kidonge cha kitakoni kinachowasha baruti) iliyotumika na kurudisha ganda kwenye kipimo, mkono ukirudi, unapachika praima mpya, (2) kupanua mdomo na kumimina baruti, (3) kupachika kichwa, (4) kubana mdomo. Nunua kalibu za kabaidi (chuma kigumu sana), hazihitaji mafuta kwa ganda lililonyooka.

Wanapokosea:

Kupanua mdomo kupita kiasi. Uupanue kiasi cha kichwa cha risasi kukaa bila kuanguka, basi. Ukizidisha, shaba inachoka na kupasuka baada ya mizunguko michache.

Kubana kupita kiasi. 9mm inajipima chembani kwa ukingo wa mdomo wake, kwa hiyo huukunji ndani, unaondoa tu upanuzi. Pima mdomoni: 0.377 hadi 0.378 ni sawa. Ukibana zaidi, kichwa kinalegea badala ya kushikwa.

Urefu wa risasi nzima. Kipimo cha juu ni inchi 1.169, lakini vichwa vingi vinakaa chini ya hapo kwa sababu ya umbo. Fuata urefu ulioandikwa kwa kichwa hicho hicho. Ganda la 9mm ni dogo, ukizamisha kichwa ndani kidogo tu nafasi inapungua na shinikizo linaruka. Kisha toa mtutu kwenye bastola, dondosha risasi chembani kwa uzito wake: iingie, igonge "tok", izunguke kwa vidole, ianguke ukiinamisha. Isipofanya vyote vinne, usiendelee na rundo.

Na la baruti: chagua baruti yenye ujazo mkubwa, ambayo dozi moja inapita nusu ya ganda. Dozi mbili zikimwagika nje utaziona. Kuna baruti za bastola ambazo dozi mbili zinaenea ndani na kichwa kinakaa vizuri juu yake kana kwamba hakuna kitu. Hizo waachie waliozoea. Funga taa ndogo juu ya presi na uangalie ndani ya kila ganda kabla ya kuweka kichwa. Kila ganda. Hili halina likizo.

---

Mvuto_AZ

Naitetea 550 kidogo, kisha niwape haki yao.

Hiyo Dillon haizunguki yenyewe, unaizungusha kwa kidole gumba. Kwa hiyo unaweza kuweka ganda moja, ukalipitisha vituo vyote, ukaweka lingine. Anayesema presi ya mfululizo haifundishi hajaitumia hivyo. Na ukifika risasi elfu kwa mwezi, hutarudi nyuma.

Ila kwa 200? Ukishazoea, 550 inatoa mia nne na zaidi kwa saa. Mzigo wako wa mwezi ni nusu saa, na kuipanga kunaweza kuchukua muda kama huo. Hujafika huko.

Hatari yake iko pale pale kwenye uzuri wake. Kwa kuwa wewe ndiye unayezungusha, mtu akikuita katikati ya mvuto, ukirudi hujui kama umeshazungusha. Ukivuta tena bila kuzungusha, ganda la kituo cha pili limepata baruti mara mbili. Sheria: ukikatizwa, toa maganda yote yaliyo kwenye sahani inayoyashika, mwaga baruti yake, anza upya.

Na uchambuzi wa maganda unakuwa mkali zaidi. Kwenye hatua moja, ganda baya linakusumbua peke yake. Kwenye mfululizo, ganda la kijeshi ambalo praima yake ilibanwa kiwandani linagoma kupokea praima mpya, na vituo vyote vinasimama vikiwa na kazi nusu nusu. Usilazimishe mkono. Praima iliyoingia kiupande ikisukumwa kwa nguvu inaweza kulipuka, na jirani yake kuna bomba lenye nyingine mia. Miwani ya kinga, kila mara. Maganda ya .380 nayo hujificha ndani ya rundo la 9mm, na ya chuma yenye vitundu viwili vya moto yanavunja pini ya kutolea praima.

---

Kisiki_MN

Nimeelewa, naelekea turreti. Swali la pili: hawa wazee niwatumieje? Mmoja ameshaniandikia kwenye karatasi kipimo chake cha .308, aina ya baruti na greni (kipimo kidogo cha uzito) ngapi. Anasema kinafuma kama sindano.

---

Mzani_OH

Pokea karatasi, mshukuru mzee, na usiitumie.

Simtuhumu. Kipimo hicho ni halali kwa bunduki yake, ganda lake, praima yake na kichwa chake. Ganda la kijeshi la .308 ukuta wake ni mnene, nafasi ya ndani ni ndogo, kwa hiyo greni zile zile zinatoa shinikizo kubwa zaidi. Kubadilisha chapa ya praima nako kunabadilisha mambo. Na mzee aliyepanda polepole hadi kileleni anakupa namba ya kileleni. Hakupi ngazi.

Wewe anzia kipimo cha chini kwenye kitabu cha mtengenezaji wa baruti au wa kichwa. Kitabu kikitaja cha juu peke yake, shuka asilimia 10. Panda kidogo kidogo ukisoma kitako: mkono wa bolti kuwa mgumu kunyanyuka, duara linalong'aa lililochapwa kitakoni, praima iliyotandazika hadi ukingoni. Ukiona mojawapo, umeshapita, rudi chini.

Mzee mwombe vitu ambavyo kitabu hakina: vidole. Kupachika praima ni suala la kuhisi. Inatakiwa iguse sakafu ya tundu na kuzama inchi 0.003 hadi 0.005 chini ya uso wa kitako. Akupachikie tano, upachike tano, mpitishe kidole wote wawili. Praima iliyochomoza kwenye bastola ni hatari; iliyoelea bila kugusa sakafu mara nyingi haiwaki kwa pigo la kwanza. Maneno hayafundishi hilo.

Kikao cha kwanza kiwe cha kuchambua maganda peke yake, bila baruti mezani. Cha pili kalibu na vipimo. Cha tatu ndipo baruti, chupa moja tu mezani, nyingine zote kabatini. Mpango mzuri ni wewe unamimina, yeye anapima kila dozi ya kumi na kuchungulia trei nzima kwa tochi. Akiwa mtu wa kupiga hadithi wakati baruti inamiminwa, au ana kipimio chenye baruti ya juzi isiyo na jina, huyo msalimie na uhamie kwa mwingine. Baruti isiyojulikana haitumiki, na hairudishwi kwenye chupa kwa kukisia.

---

Pwani_KE

Nasoma tu kutoka Mombasa. Hii mambo mtu anaweza kufanya huku akiwa na cheti cha bunduki?

---

Mvuto_AZ

Hapana kaka. Kenya na Tanzania kutengeneza risasi kunataka leseni ya peke yake, cheti cha kumiliki silaha hakikupi ruhusa hiyo. Huku Marekani sheria ya shirikisho haidai leseni ukijaza za matumizi yako. Ukianza kuuza, unahitaji leseni. Majimbo na miji nayo ina yake, kwa hiyo Kisiki ulizia ya kwenu, hasa ukiishi kwenye apatimenti.

---

BiShabaha_TX

Kwa sababu apatimenti imetajwa: kanuni za moto za NFPA 495 (za shirika la kinga ya moto la Marekani) zinakubali hadi pauni 20 za baruti isiyo na moshi nyumbani, ndani ya chupa zake za asili, na praima hadi 10,000. Zikae mbali na hita na mbali na watoto. Usihamishie baruti kwenye chuma kizito kilichofungwa ukidhani unalinda. Ikishika moto mahali isipoweza kupumua ndipo inapokuwa bomu.

Na risasi madini. Vumbi la mashine ya kusafishia maganda linabeba mabaki ya praima yenye risasi. Chekecha nje, si jikoni, na usifagie kwa kifyonza vumbi cha nyumbani, kinalirusha hewani. Kuosha maganda kwa maji kunapunguza vumbi. Usile mezani. Kama kuna mtoto mchanga au mjamzito nyumbani, nguo za kazi hiyo zibaki gereji.

---

Kisiki_MN

Turreti basi, vichwa viwili vya presi, kalibu za kabaidi kwa 9mm. Mzani niliouona wa kidijitali ni wa bei rahisi sana, unatosha?

---

Mzani_OH

Unatosha kama utaupa muda na kuukagua. Uwashe nusu saa kabla, uweke mbali na feni, dirisha na taa za neoni, na ununue vyuma vya kukagulia vyenye uzito unaokaribia dozi yako. Chuma cha gramu 50 kinachokuja na mzani hakikwambii lolote kuhusu dozi ya 9mm ambayo ni greni chache tu. Kagua mwanzo, katikati na mwisho. Ukiona umehama kwa greni 0.2, rudia kupima zote zilizopita tangu ukaguzi wa mwisho.

Pesa ikibaki, nunua nyundo ya kuvunjia risasi ulizokosea. Utaihitaji wiki ya kwanza.