Tupeane uzoefu: Usalama kazini, kipi kilifanya kazi kwenu na kipi kilikuwa geresha?

Mtunza Daftari (mwanzisha mada)

Wakuu, habari za jioni. Nipo kiwanda cha kukamua alizeti, kanda ya kati. Niliajiriwa fundi mitambo, nikabebeshwa na usalama kwa sababu nina mwandiko mzuri, sitanii. Nikaenda kozi ya OSHA, wale wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, nikarudi na moto kweli: mabango kila ukuta, faini ya elfu tano kwa asiyevaa buti, na getini nikaweka ubao wa SIKU BILA AJALI.

Ubao ulifika 143. Bosi akapiga nao picha. Kesho yake namkuta kijana wa kwenye mkanda wa mbegu kavaa glovu mkono mmoja. Namwambia avue, kidole kimevimba, kucha haipo. Wiki nzima anameza dawa za maumivu za dukani. Nikamuuliza, mbona hukusema? Akajibu: "Kaka, ningekuharibia ubao."

Niliufuta siku ile ile, na faini nikaondoa. Nikanunua kaunta buku, nikaiita daftari la nusura. Mtu anaandika kitu ambacho nusura kimuumize, jina si lazima. Wiki ya kwanza kimya. Ya pili mmoja akaandika ngazi ya tangi namba 3 ina kidato kinacheza. Nikamtafuta welda kabla ya saa ya chakula, watu wote wakaona cheche. Hapo ndipo daftari lilipoanza kujaa, mpaka malalamiko ya chai kutiwa sukari kidogo.

Sasa tuna mistari 31 na bosi ananiuliza, "Mbona hatari zimeongezeka tangu nikupe hii kazi?" Ninyi mliwaelezaje mabosi wenu?

Mirunda

Mkuu, wewe una bosi anayeuliza, shukuru. Mimi nilikuwa kibarua saiti ya ghorofa Dar. Watu arobaini, helmeti kumi na mbili, zinakaa stoo kwenye kiroba. Wakaguzi wakionekana getini foromani anapiga mluzi: waliowahi helmeti wanabaki, sisi wengine tunatokea nyuma kwenda kunywa uji. Wakiondoka tunapanda jukwaa na kandambili zetu. Nilidondoka kutoka ghorofa ya kwanza nikaangukia rundo la mchanga. Huo mchanga ndio uliokuwa mpango wetu wa usalama.

Nesi wa Zamu

Mtunza Daftari, hilo swali la bosi tumelipitia wodini. Dada yetu wa usafi alichomwa na sindano iliyotoboa mfuko wa taka, maana boksi la sindano lilikuwa limejaa hadi mdomoni wakati linatakiwa kufungwa likifika robo tatu. Alikuja kusema siku ya tano. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72, na kadiri unavyowahi ndivyo bora. Alikuwa anajua. Aliogopa kuulizwa ulikuwa unafanya nini. (Alipimwa mara zote zilizotakiwa, yuko salama.)

Nesi mkuu akatangaza: ukichomwa, dawa kwanza, maswali kesho. Boksi likahamia kwenye troli, linakwenda na anayechoma sindano. Mwezi uliofuata visa vilivyoandikwa vikapanda, mganga mfawidhi akamwita. Hakwenda na maelezo marefu. Alikwenda na daftari la waliochomwa na daftari la walioanzishiwa dawa, akayafungua pamoja mezani. Idadi ya huku na huku ni ile ile. Mfawidhi akasaini oda ya maboksi.

Mtoto wa Mafinga

Niongeze la kwetu kwenye dingdong, mashine ya kupasulia mbao. Tulipewa mafunzo, miwani, kila kitu, lakini tunalipwa kwa idadi ya mbao. Gogo likikwama unalichokoa msumeno ukizunguka, kwa sababu kuzima ni hela. Kava tulilifungua wenyewe tukalitupa majanini. Mwenye mashine alifoka mpaka akachoka, na mwenzetu akapoteza vidole viwili. Kilichobadilisha mambo ni alipoanza kutulipa muda wa kusafisha. Swichi kubwa ikapata kufuli, na ufunguo anakaa nao mfukoni yule aliyeingiza mkono. Supavaiza hana wa akiba.

Kamati Bubu

Niko Kenya. Hapa sheria ya 2007 inataka kamati ya usalama mahali penye watu 20 na zaidi, na wafanyakazi wawe na wawakilishi wao. Wetu walichaguliwa na meneja. Mmoja ni dereva wake. Mikutano ina soda baridi sana.

Bosi Mdogo

Msitupige mawe wote. Nina karakana ya kuchomelea, vijana sita. WCF, yaani mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, niliiona kodi nyingine, maana mchango ni wangu mwenyewe, haukatwi kwenye mshahara wa mtu. Nikalipa huku nanung'unika. Mwaka jana chembe ya grinda ikamwingia kijana jichoni, mfuko ukabeba matibabu. Miwani ilikuwepo, ila imechubuka haionyeshi kitu, ndiyo maana alikuwa ameipandisha kwenye paji la uso. Siku hizi kila Jumatatu naivaa mwenyewe. Nisipoweza kusoma maandishi ya kalenda ukutani, inatupwa.

Mtunza Daftari

Nesi, umeniokoa. Leo niliingia kwa bosi na daftari la nusura pamoja na kadi za kazi za fundi. Mistari 31, iliyokwisha kutengenezwa 22. Akazihesabu mwenyewe kwa kidole, kisha akauliza tisa zilizobaki ni nini. Nikamwambia nne ni chai.