Mkono umeondoka na huduma. Kusudi nalitafutia wapi?

Mpiga Kinanda
Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Mimi ni seremala, au tuseme nilikuwa. Kanisani nimepiga kinanda tangu ujana, na sikuwahi kujiuliza Mungu ananitaka nifanye nini: jibu lilikuwa vidoleni. Mwaka jana msumeno wa umeme ukanikata vidole vitatu vya mkono wa kulia. Kimebaki gumba na kile kidogo, nacho hakikunji vizuri.

Kwa muda sikukanyaga kanisani. Mungu sikumkana. Nilishindwa tu kukaa kwenye benchi nikisikiliza mtu mwingine akikosea kodi, zile sauti zinazopigwa pamoja, ninayoijua (ndiyo, najua inavyosikika). Sasa nimerudi, nakaa nyuma, na naomba kuliko zamani. Kinachonichosha ni kauli ya kila baada ya ibada: "Mungu ana kusudi na hili." Ukiuliza kusudi gani, mtu anaangalia saa. Juzi nimepewa kadi yenye Yeremia 29:11, ile ya "mawazo ya amani wala si ya mabaya".

Nauliza waliopitia: mlipopoteza mlichodhani ndio wito wenu, imani iliwapa kazi nyingine? Ilikujaje hasa? Msiniambie nisubiri tu.

Mama wa Watatu
Pole sana kaka. Msome Joni Eareckson Tada. Aliumia shingo akipiga mbizi mwaka 1967, akiwa na miaka 17, mikono na miguu ikapooza. Akajifunza kuchora kwa kushika brashi mdomoni, na mwaka 1979 akaanzisha huduma ya watu wenye ulemavu.

Mpiga Kinanda
Asante dada, namfahamu. Ila simulizi hizi zinaanza na ajali, zinaishia na huduma, na miaka ya katikati inapitwa mbio. Mimi niko huko katikati.

Mama wa Watatu
Hapo umesema kweli. Yeye mwenyewe husimulia kwamba hospitalini alimsihi rafiki amsaidie kufa. Ningeanzia hapo.

Mzee wa Kanisa
Mwanangu, aliyekupa kadi alikata barua. Yeremia 29 iliandikwa kwa mateka waliopelekwa Babeli, na aya ya 10 inawaambia ni miaka 70. Maana yake wengi walioisikia ikisomwa wangezikwa hukohuko. Na kabla ya maneno matamu ya aya ya 11 kuna kazi, aya ya 5 hadi 7: jengeni nyumba, pandeni bustani, oeni, utakieni amani mji mliohamishiwa. Mji wa adui, tena!

Halafu soma 1 Wafalme 19. Nabii Eliya amemkimbia malkia Yezebeli anayetaka kumuua, yuko chini ya mti wa mretemu anaomba kufa. Malaika hamhubirii. Anamwamsha ale, analala tena, anaamshwa ale tena. Ni kwenye mlima Horebu ndipo anapoulizwa, "Unafanya nini hapa, Eliya?" Naye analalamika, anaulizwa tena, analalamika vilevile! Wala haelezwi kwa nini Yezebeli bado anatamba. Anatumwa akawatie mafuta Hazaeli na Yehu wawe wafalme, na Elisha atakayeshika nafasi yake.

Kwangu ilikuwa hivi. Mke wangu alipofariki niliacha kuhubiri, maneno yaliisha. Mchungaji akanipa ufunguo niwe nafungua kanisa mapema. Nilikereka, mhubiri mzima kufanywa bawabu! Ila pale mlangoni nikaanza kuwaona wajane wanaofika saa nzima kabla ya ibada, kwa kuwa nyumbani hawana wa kuzungumza naye. Siku hizi nawazungukia majumbani. Sauti kutoka mbinguni sikuisikia.

Kinanda anapiga nani sasa?

Mtazamaji
Nyongeza fupi. Anayekwambia Mungu ndiye aliyeelekeza msumeno, usimkubalie upesi. Katika Yohana 9 wanafunzi walitaka kujua nani alitenda dhambi mtu yule akazaliwa kipofu, Yesu akawaambia si yeye wala wazazi wake. Na kama unaota ajali au hulali, mwone mshauri nasaha. Maombi hayagombani naye.

Mpiga Kinanda
Usingizi nashukuru upo. Mzee, swali lako limenikuta pabaya. Anapiga kijana wa sekondari. Ana sikio zuri ila anakimbiza mapigo, na kila wimbo anaupiga kwenye C, yaani vibonyezo vyeupe vitupu, kisha anabonyeza kile kitufe cha kuhamisha sauti. Waimbaji wakipandisha katikati ya wimbo, ameachwa njiani.

Jumamosi nilimkuta anafanya mazoezi peke yake. Mkono wangu wa kushoto ni mzima, kwa hiyo nikakaa pembeni yake nikashika besi, yeye akashika sauti za juu. Kwenye E bapa, inayotaka na vibonyezo vyeusi. Alitokwa jasho. Nami nilicheka, kitu ambacho sijafanya karibu na kinanda tangu ajali.

Kama hilo ndilo kusudi, siwezi kusema. Nimemwambia Jumamosi ijayo aje na daftari, na kile kitufe nitakiziba kwa plasta.