Nimeuziwa krosibo ya mtumba iliyong'olewa kifaa cha usalama, muuzaji anasema "ilikuwa inakwamakwama"

Wakuu, salamu leo sina, nina hasira tu.

Nipo Ohio. Huku krosibo, ule upinde wenye kitako na triga kama bunduki, inaruhusiwa kuwindia kulungu msimu wote wa mishale, toka mwishoni mwa Septemba hadi mwanzoni mwa Februari. Mpya ya maana ni hela ndefu, nikachukua ya mtumba kwa jamaa aliyeitangaza mtandaoni: nguvu ya kuvuta kamba ratili 175, darubini juu, mishale yake ndani ya podo. "Imetumika msimu mmoja tu, haina tatizo lolote." Eti haina tatizo! Kuna watu wana roho ngumu.

Tatizo ni hili. Nalenga boksi la shabaha, navuta triga, mara mshale unaenda vizuri kabisa. Mara nyingine nasikia kishindo kama mlango wa chuma umebamizwa, mshale unaangukia hapo mbele ya miguu na kamba imepita juu yake. Kwa wasiojua: nguvu iliyotakiwa kuondoka na mshale, hapo inarudi yote kwenye mikono ya upinde (zile pande mbili zinazopinda), kamba na magurudumu. Ndiyo maana kufyatua bila mshale ni mwiko kwenye kila krosibo. Mikono hiyo inaweza kupasuka, na wewe uso umeuegemeza pale pale.

Nikampelekea fundi wa pinde. Kafungua nyumba ya triga, kachungulia, akaniuliza kilimi kiko wapi.

Kilimi ni kichuma kidogo chenye springi. Ukishavuta kamba hadi ikashika, chenyewe kinashuka na kuzuia isifyatuke. Ukiingiza mshale na kuusukuma nyuma mpaka kisigino, yaani kile kipande cha mwisho wa nyuma wa mshale, kiguse kamba, mshale ndio unakiinua. Mshale usipofika, au ukiwa umerudi mbele kidogo, hupigi. Krosibo nyingi za sasa zinacho. Yangu ilikuwa na tundu la pini, basi.

Nikampigia muuzaji. Hakukataa hata! Anasema, "Aaa, kile kilikuwa kinasumbua, unavuta triga haipigi, inakwamakwama, nikakitoa." Kwa fahari, kana kwamba kanifanyia sevisi ya bure.

Sasa sikilizeni kilichonikera zaidi. Kilimi hakikuwa kibovu. Fundi alitazama mishale tu akacheka. Krosibo ile imeandikwa inataka mishale yenye kisigino cha nusu mwezi, chenye mfuo wa kupokea kamba. Jamaa alikuwa anatumia ya kisigino bapa, na ndiyo aliyonipa. Bapa kwenye krosibo isiyoitaka inaweza isikiinue kilimi sawasawa, na kamba inaweza kupanda juu yake au kupita chini. Mashine ilikuwa inamkatalia kwa sababu ya msingi, yeye akaona dawa ni kuing'oa mdomo. Juu ya hapo, ile springi bapa inayokandamiza mshale kwenye reli ameikunja juu, nadhani ili mishale iingie kirahisi. Kwa hiyo ukiinamisha krosibo kidogo tu, mshale unateleza mbele, na hakuna tena cha kuzuia.

Uharibifu ushafanyika. Fundi alipitisha pamba taratibu kwenye mikono ya fibaglasi, upande wa kushoto ikanasa nyuzi: ufa. Mkono ukishakuwa na ufa hautengenezwi, unabadilishwa, na inashauriwa kubadilisha yote pamoja. Uzi uliozungushiwa katikati ya kamba nao umechanika, reli ilikuwa kavu, haijaona nta wala mafuta sijui tangu lini. Msimu mmoja, kweli?

Nimedai hela yangu. Jibu: "Iliuzwa kama ilivyo." Sawa, lakini "kama ilivyo" na "haina tatizo lolote" haviwezi kukaa kwenye tangazo moja, na meseji zake ninazo zote.

Na wale mtakaokuja kuniuliza kwa nini nisinunue nyama dukani, naomba mpite kimya kimya.

Anayetaka kununua ya mtumba: kamba ikiwa haijavutwa, mtakeni muuzaji mwenyewe awaonyeshe kilimi ndani ya nyumba ya triga. Msikijaribu kwa kuvuta triga! Njooni na pamba. Someni kisigino kinachotakiwa kwenye kitabu chake, pamoja na uzito wa mshale, maana mwepesi kupita kiasi unaupiga upinde karibu sawa na kufyatua bila kitu.

Maswali yangu mawili. Kuna mdau huku Marekani aliyewahi kupeleka mtu kama huyu mahakama ya madai madogo akashinda, wakati tangazo lishafutwa na zimebaki meseji tu? Na mikono mipya, kamba na kilimi, vinalipa, au niiuze vipande vipande nikiandika wazi kila kilichovunjika?

NYONGEZA: Kanitumia meseji sasa hivi, anauliza kama nina mpango wa kumuuzia ile darubini.