Abbott anafuta kodi ya wenye nyumba, sisi wapangaji wa Texas je?

Wakuu, nimevumilia nimechoka.

Tangu Novemba 2025, Greg Abbott, gavana wa Texas, alipozindua kampeni ya muhula wa nne hapa Houston, kila nikikaa na Wabongo wenzangu habari ni moja: mpango wa gavana wa kodi ya majengo. Anataka kura ipigwe ili kodi ya shule, yaani sehemu ya kodi ya majengo inayoendesha shule, ifutwe kabisa kwa nyumba anayoishi mwenyewe. Thamani ikadiriwe mara moja kila miaka 5, na kikomo cha kupanda kishuke kutoka asilimia 10 hadi 3. Wenye nyumba wa Katy, pembeni ya Houston, wanashangilia utadhani Yanga kachukua ubingwa wa Afrika.

Mimi mpangaji. Nionyesheni humo mstari wangu uko wapi.

Juzi nimetoka shifti ya usiku nakuta karatasi imebandikwa mlangoni kwa selotepu: kodi inapanda dola 115 kwa mwezi. Sababu iliyoandikwa? Kodi ya majengo imepanda! Fleti ni ileile, kiyoyozi kinavuja nimekitegea beseni la kufulia, na wenye fleti nimeshawaita mara tatu.

Fleti ya kupangisha haipati msamaha ule, kwa sababu mwenyewe haishi humo. Mwaka 2023 msamaha wa kodi ya shule (kiasi cha thamani ya nyumba kisichotozwa) ulipandishwa kutoka dola 40,000 hadi 100,000, na 2025 ukafika 140,000. Mara zote mbili pongezi nilizisoma, ila kodi yangu haikushuka hata senti. (Kiswahili chetu nacho: ya serikali kodi, ya mwenye nyumba kodi. Mimi nalipa zote mbili kwa hundi moja.)

Halafu shule zitaendeshwa na nini? Texas haina kodi ya mapato. Kwenye risiti hapa Houston tunakatwa asilimia 8.25 ya mauzo. Pengo likizibwa kwa kuongeza hapo, mimi na bwana wa Katy tutalipia sabuni sawasawa, ila yeye ameshasamehewa upande wa pili. Na wanangu wanasoma shule hizohizo!

Mnakumbuka 2021 kule Bongo kodi ya majengo ilipohamishiwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla? Nilikuwa nimepanga Mbagala. Nanunua umeme, nakatwa shilingi 1,000 ya mwenye nyumba, naambiwa nikamdai. Nikamfuata mzee kibarazani kwake, akanijibu, "Kwani umeme anatumia nani?" Nimevuka bahari nzima nimekutana na mzee yuleyule, safari hii ana nembo na barua pepe.

Na asije mtu hapa na "si ununue nyumba". Kwa mshahara upi?

Kama kuna aliyewahi kubishia nyongeza ya namna hii akashinda, aje aseme alianzia wapi. Wamenipa mpaka tarehe 30 niwe nimesaini.