Kahawa ya Kivietinamu Mwanza, naagizaje?

MkaziWaIgoma: Wakuu, rafiki aliyetoka Hanoi alinionjesha cà phê sữa đá, yaani kahawa yao ya barafu na maziwa mazito ya sukari, sijaisahau. Juzi nimeiomba kwenye mgahawa mmoja wenye matawi hapa mjini, nikaletewa maziwa baridi yenye harufu ya kahawa. Niagizeje?

Dada_Nyegezi: Agiza espreso mbili na glasi ya barafu kando. Nenda na kopo lako la maziwa mazito ya sukari. Vijiko viwili chini, espreso ikiwa ya moto juu yake, koroga mpaka iwe rangi ya chungu kipya. Barafu mwisho! Ukiitanguliza, maziwa yanang'ang'ania chini.

MhayaWaZiwani: Buni nayo muhimu. Wavietinamu wanatumia zaidi robusta, na robusta iko Kagera, meli moja tu kutoka hapo. Chungu, nzito, haimezwi na maziwa.

MkaziWaIgoma: Dada, nimejaribu leo. Ndiyo yenyewe! Mkuu, ya Bukoba naisaka kesho.