Bei zilipopanda, ulianza kukata nini? Tupeane uzoefu

Wakuu, habari zenu.

Juzi redio imetangaza mfumuko wa bei umeshuka. Nikaenda dukani kifua mbele, nikarudi na kamfuko kalekale. Sikuja hapa kugombana na wachumi. Nataka tuambiane mambo ya ndani ambayo jirani hayaoni: bei zilipopanda, kwako ulianza kukata nini?

Naanza mimi. Tuko wanne, chumba na sebule, na kipato changu ni cha kibarua. Wiki moja napata siku sita, nyingine mbili. Nilikaa usiku na daftari nikitafuta anasa za kupunguza, nikakuta anasa zenyewe sina. Kodi haikatwi, maana mwenye nyumba hapokei robo tatu. Nauli haikatwi. Nikapunguza chakula cha mchana, changu mimi, nikajiona nimemaliza kazi.

Kumbe mama naye alikuwa na daftari lake kichwani. Anatumia vidonge vya presha, kimoja kila siku. Mwisho wa mwezi nikaona pakiti imebaki na vidonge vingi kuliko inavyotakiwa. Nikamuuliza, akasema anameza leo, kesho anaruka, "ili vifike". Hakuna aliyemtuma. Alisikia tu tukihesabu hela usiku.

Haya, karibuni. Msiogope kuandika kirefu.

Mama Pacha

Pole sana ndugu yangu, na mama mpe pole. Mwambie dozi hairukwi, bora aruke mtu mwingine kitu kingine.

Mimi nilikata ukubwa. Zamani nilikuwa nanunua chupa kubwa ya mafuta ya kupikia, inanivusha mwezi. Bei ilipopanda nikahamia chupa ya kati, halafu vile vichupa vya siku tatu. Siku moja nikapiga hesabu: vichupa kumi vinanipa ujazo wa chupa kubwa moja, ila hela yake ni ya chupa kubwa na theluthi juu. Yaani mimi nisiye na hela ndiye ninayenunua ghali.

Na msiniambie "nunua kwa wingi utaokoa". Hesabu hiyo naijua. Kununua kwa wingi kunataka hela ya mwezi iwe mkononi siku moja, na yangu inakuja kwa siku, tena ikija imeshaitwa na watu watatu.

Mwenye Kaduka

Naomba kutetea upande wangu, maana naona duka linaandaliwa kupigwa mawe.

Nikiuza katoni ya zamani kwa bei ya zamani, hela ninayopata hainunui katoni mpya. Ndiyo sababu bei ya jumla ikipanda asubuhi, mimi napandisha mchana ingawa mzigo niliununua wiki iliyopita. Nisipofanya hivyo, baada ya mizunguko mitatu nabaki na rafu tupu.

Sasa ikishuka? Hapo mna haki ya kunisema. Kwanza nina mzigo niliouchukua bei ikiwa juu, nasubiri uishe. Ukishaisha, kusema kweli, nikiona wateja wameshazoea, mkono wa kushusha unakuwa mzito. Nashusha mwenzangu wa mtaa wa pili akishashusha.

Na hivyo vichupa vidogo, dada, haviji bure. Kila kimoja kina kifuniko chake, lebo yake na mtu wa kukijaza. Faida yangu pale siyo mnayoifikiria.

Jicho la Mizani

Wenzangu mnaangalia bei, mimi naangalia gramu. Sabuni ninayotumia ilikuwa gramu 500. Siku moja naishika naona nyepesi, nikasoma nyuma: 450. Bei ileile, karatasi ileile, picha ileile. Mtu atasema wamepunguza asilimia 10 tu. Lakini ukigawa hela kwa gramu, bei imepanda kwa asilimia 11 na ushee, na hakuna aliyetangaza.

Ufaransa tangu tarehe 1 Julai 2024 maduka makubwa yanalazimika kubandika tangazo karibu na bidhaa iliyopunguzwa ujazo huku bei ya kila kipimo ikipanda. Kwetu sisi tunaonunua vipande, tangazo lenyewe ni sabuni kuisha Jumatano badala ya Ijumaa.

Naenda kwa Miguu

Nilikata nauli, wanaosema haikatwi waje tutembee. Saa moja na dakika ishirini kwenda, kurudi zaidi kwa sababu ya uchovu. Miezi miwili nikajisifu. Wa tatu soli zikafa, hela niliyookoa nikampelekea fundi viatu. Halafu mtu anayetembea hivyo anakula! Njaa ya kutembea siyo njaa ya kukaa.

Mke wangu akashauri tuhamie pembeni ya mji, kodi nafuu. Tukahama. Kodi ilishuka kweli, lakini sasa ni mabasi mawili, na pembeni huko miguu haifiki tena kazini.

Sina Huruma

Mnalia hapa wote kwa bando. Bando hamkati?

Mzee wa Daftari (mwenye uzi)

Mkuu, kibarua siku hizi kinaitwa kwa simu. Msimamizi anatuma ujumbe kwenye kundi saa kumi na moja alfajiri, "natafuta watu wanane", wa tisa amechelewa. Nilikata bando wiki moja, nikakosa siku tatu za kazi. Labda ulikuwa hujui.

Mpenda Takwimu

Nimefanya kazi za kukusanya bei, niwasaidie kuhusu hiyo redio.

Mfumuko kushuka siyo bei kushuka. Kitu kilikuwa 100, mwaka wa kwanza kikapanda kwa asilimia 10, kikawa 110. Mwaka wa pili kikapanda kwa asilimia 4, kikawa 114.4. Redio inasema mfumuko umetoka 10 hadi 4, na ni kweli. Dukani unakuta 114.4, na hiyo nayo ni kweli. Kilichopungua ni kasi.

Pili ni kapu. Njia inayotumika sana ya kupima bei ni ya mchumi Laspeyres, ya mwaka 1871: unachukua kapu lilelile la bidhaa, unauliza leo lingegharimu kiasi gani. Uzito wa kila bidhaa kwenye hesabu hiyo (siyo wa kilo) unatokana na matumizi ya watu wote yakijumlishwa, na mwenye matumizi makubwa ana sauti kubwa humo. Mtakwimu Ernst Engel alishaonyesha mwaka 1857 kwamba kaya ikiwa na kipato kidogo, sehemu kubwa zaidi ya matumizi yake inamezwa na chakula.

Sasa tuseme chakula kimepanda kwa asilimia 20 na vingine vyote kwa 5. Anayetumia asilimia 20 ya hela yake kwenye chakula, maisha yake yamepanda kwa asilimia 8. Anayetumia asilimia 60, yamepanda kwa 14. Mji mmoja, mwezi mmoja. Kwa hiyo mzee wa uzi hukukosea kusikia, na redio haikudanganya.

Mzee wa Daftari (mwenye uzi)

Kwa hiyo mimi ni wa 14. Asante mkuu, angalau nimejua namba yangu.

Mama Pacha

Nimerudi, kuna kitu nilisahau. Tulijaribu kununua pamoja, kaya sita za uani. Kila mmoja anatoa kidogo kila siku, Jumamosi mmoja anakwenda sokoni kwa bei ya jumla, tunagawana. Wiki nne za kwanza raha tupu, niliona tofauti kabisa.

Kilichotuvunja hakikuwa hela. Ni kugawana. Tulikuwa tunapima kwa kikombe, na kila mtu ana mkono wake: mwingine anajaza mpaka kinamwagika, mwingine anakwangua juu kwa kisu. Wiki ya tano maneno yakaanza, ya sita wawili hawasalimiani. Wiki ya saba kila mtu karudi kwenye vichupa vyake.

Mzee wa Daftari (mwenye uzi)

Dada, hilo ningelijaribu kesho. Kwetu uani tuko kaya nane. Hela ya dawa za mama inaweza kutoka hapo.

Mwenye Kaduka

Mnaninyang'anya wateja mchana kweupe. Lakini kama shida ni kipimo, aliye karibu na duka kama langu aombe mizani. Mimi wangu wa uani nawapimia Jumamosi jioni, siwadai kitu.

Jicho la Mizani

Na hiyo mizani yenyewe ilikaguliwa lini?

Mwenye Kaduka

Ina stika ya mwaka huu, mkuu. Njoo na sabuni yako tuipime.